Kabla ya Kuuza Nyumba: Ziba Paa, Tengeneza Karatasi

Ndugu wafanyakazi,

Katika mikutano yetu ya matawi, kuanzia viwanda vya Jinja mpaka mashamba ya miwa, kuna swali ninaloulizwa karibu kila mara baada ya swali la mshahara. Mtu anakaribia kustaafu. Ana nyumba ndogo aliyoijenga karibu na kazi, na sasa anataka kuiuza arudi kwao. Ananiuliza: niitengeneze kwanza, au niiuze hivyo ilivyo?

Wengine watasema hilo ni swali la mafundi, si la chama. Mimi nasema ni la chama, kwa sababu fedha inayotumika hapo ni jasho letu. Tangu sheria ya NSSF iliporekebishwa mwaka 2022, mwanachama aliyefikisha miaka 45, na aliyeweka akiba kwa miaka 10, anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Akiba hiyo ni asilimia 5 iliyokatwa katika mshahara wetu na asilimia 10 anayotoa mwajiri. Kuichukua ni haki yetu. Lakini nimeona haki hiyo ikiishia kwenye taili na rangi.

Mwenzetu mmoja, mkata miwa wa miaka mingi, alifanya hivyo. Aliweka taili sebuleni, akapiga dari, akapaka rangi ndani na nje. Mnunuzi alipokuja hakuingia hata ndani. Alipima kiwanja kwa hatua, akauliza maji yako wapi na barabara iko wapi, akatoa bei ya kiwanja. Mwenzetu hakuwa na nguvu ya kungoja mwingine, maana fedha ilikuwa imekwisha. Haukupita muda mrefu nyumba ilibomolewa, vikajengwa vyumba vya kupangisha. Akiba ya miaka ikazolewa pamoja na kifusi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jambo la kwanza ni kujua nani atanunua. Karibu na viwanda wanunuzi wengi wanatafuta kiwanja, si nyumba. Huyo hakulipi rangi yako. Akiwa ni mtu wa kuja kuishi, hapo nyumba ina thamani. Waulize watu wawili watatu wanaotaka kununua: mtatoa kiasi gani ikiwa hivi ilivyo? Na nikitengeneza hiki na hiki, mtaongeza kiasi gani? Nyongeza hiyo isipozidi gharama ya fundi na vifaa, pamoja na miezi ya kungoja, acha. Usimuulize fundi peke yake wala dalali peke yake. Fundi anatafuta siku za kazi, dalali anatafuta bei kubwa ili fungu lake likue. Wote wawili watakuambia tengeneza, na hakuna hata mmoja anayetoa fedha yake.

Je, tusiguse kitu? Hapana. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuna vitu vidogo vinavyomfukuza mnunuzi na vinavyozidi kuharibika kila mvua. Bati linalovuja huozesha mbao za paa. Badilisha misumari iliyolegea na lile bati moja lililotoboka, si paa zima. Mlango usiofungwa, tengeneza. Choo kilichojaa, shughulikia. Fyeka majani, zibua mfereji wa maji, paka chokaa kwa mikono yako na ya watoto wako. Hiyo ni kazi ya Jumapili mbili, na gharama yake ni ndogo.

Lakini ukuta uliopasuka kwa sababu msingi umekaa vibaya, usiufunike kwa plasta mpya. Sema wazi na upunguze bei. Anayekuja kuishi humo mara nyingi ni mfanyakazi kama wewe, pengine amekopa. Kumfunika macho kwa rangi ni kumwibia mwenzako. Hatuwezi kumlaumu mwajiri anayetudanganya kwenye mizani ya miwa, kisha sisi tukadanganyana kwenye kuta.

Sasa nafika kwenye tengenezo ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo halihitaji simenti. Ni karatasi. Wenzetu wa ng'ambo ya Nile, upande wa Njeru na Lugazi, wengi wamejenga kwenye kibanja katika ardhi ya mailo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inasema mwenye kibanja anayetaka kuuza ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua, na marekebisho ya mwaka 2010 yameweka adhabu kwa asiyefanya hivyo. Risiti zako za busuulu ziko wapi? Sheria hiyo hiyo inakataza kuuza ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki yake bila kibali cha mume au mke. Je, mama wa nyumba amekubali, au atasikia siku mnunuzi anapokuja na mizigo? Mipaka inajulikana na majirani na mwenyekiti wa LC 1? Nyumba ya bati kuukuu yenye karatasi safi inauzika. Nyumba ya taili yenye ugomvi inamngoja hakimu.

Na wewe ambaye bado una miaka mitano au kumi ya kukaa hapo, haya hayakuhusu. Tengeneza nyumba yako sasa, ukae vizuri na watoto wako. Ni jambo la kusikitisha kuona mtu analala chini ya bati linalovuja miaka 20, halafu anamtengenezea mgeni wiki anayohama.

Naomba kila tawi lichague watu watatu: mmoja anayejua ujenzi, mmoja anayejua mambo ya ardhi, na mmoja mama. Mwanachama anayetaka kuuza awaone kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Tunakaa pamoja kupigania nyongeza ya mshahara. Tukae pamoja pia tusiipoteze ikishapatikana.

Umoja ni nguvu.