Mpira wa kubutua usiwe urithi wa shule zetu

Kila uwadiapo msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, viwanja vya shule katika kata za Wilaya ya Tarime, Nyarero ikiwa mojawapo, hujaa watoto, walimu na wazazi. Sauti inayotawala kandoni mwa viwanja vya namna hiyo, huko na kwingineko nchini, ni moja: "Ondoa! Piga mbele!" Mtoto aliyeupokea mpira kwa utulivu, akainua kichwa kumtafuta mwenzake, hukemewa kana kwamba ametenda kosa. Yule aliyeupiga juu bila kuangalia, ukaenda kuangukia migombani, hupigiwa makofi.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo. Hata hivyo, ndani yake umo mjadala ambao umewagawa wataalamu wa kandanda duniani kwa zaidi ya miaka 70: je, timu icheze kwa kupiga mipira mirefu kuelekea lango la wapinzani, au icheze kwa kugongeana pasi fupi na kuumiliki mpira hadi upenyo upatikane? Tena mjadala huo una uzito zaidi kwa mwalimu wa shule kuliko kwa kocha wa klabu kubwa. Kocha wa klabu hupokea mchezaji aliyekwisha kuumbika. Mwalimu ndiye anayemuumba.

Yafaa kwanza haki itendeke kwa pande zote mbili. Mpira mrefu si ujinga. Timu inayoutumia kwa makusudi huwa na mshambuliaji mrefu mwenye nguvu, ambaye kazi yake ni kuupokea mpira wa juu au kuuangusha kwa kichwa. Huwa na viungo wanaokimbia kuuwahi mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya mapambano ya angani. Na huwa na walinzi wanaosogea mbele kwa pamoja ili wapinzani wasipate nafasi ya kupumua. Hayo yote hufundishwa na kuzoezwa. Vivyo hivyo mchezo wa pasi si mapambo. Unadai mchezaji mwenye mpira awe na wenzake wawili au watatu wa kumpa, kila mmoja akiwa mahali ambapo adui hawezi kuwakaba wote kwa hatua moja. Unadai mguso wa kwanza uwe safi. Na unadai akili iamue kabla mpira haujafika mguuni.

HESABU ILIYOPOTOSHA

Waliotaka kuufanya mpira mrefu kuwa sayansi walimtegemea sana Mwingereza mmoja, Charles Reep, ofisa wa hesabu katika Jeshi la Anga la nchi yake. Kuanzia mwaka 1950, Reep alikuwa akienda viwanjani na daftari na penseli, akiandika kila pasi. Mwaka 1968 yeye na mwanatakwimu Bernard Benjamin walichapisha matokeo ya kazi hiyo. Yalionyesha kwamba takriban mabao 80 katika kila 100 yalitokana na mifululizo ya pasi 3 au pungufu. Kutoka hapo Reep na wafuasi wake wakahitimisha kwamba pasi nyingi ni kupoteza muda, na kwamba mpira upelekwe mbele kwa haraka iwezekanavyo.

Mwalimu wa hesabu wa darasa la saba angeweza kuliona kosa la hitimisho hilo. Katika kumbukumbu hizohizo za Reep, zaidi ya mifululizo 90 katika kila 100 ilikuwa na pasi 3 au pungufu. Kwa maneno mengine, mifululizo mifupi ilikuwa mingi mno, na ndiyo maana mabao mengi yalitoka humo. Ikiwa mifululizo mifupi 91 huzaa mabao 80, na mifululizo mirefu 9 tu huzaa mabao 20, basi kila mfululizo mrefu una tija zaidi ya mara mbili ya ule mfupi. Katika shule ambayo wanafunzi 9 kati ya 10 hutembea peku, wengi wa watakaofaulu mtihani watakuwa wale waliotembea peku. Lakini hakuna mwalimu mkuu atakayetangaza kwamba viatu huzuia ufaulu.

Pamoja na hayo, mtindo wenyewe ulileta mafanikio ya kweli. Watford ya Graham Taylor ilipanda kutoka daraja la nne mwaka 1977 hadi kushika nafasi ya pili katika daraja la kwanza la Uingereza mwaka 1983. Wimbledon, iliyoingia katika ligi mwaka 1977, ililifunga Liverpool bao 1-0 katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1988. Norway ya kocha Egil Olsen, nchi yenye watu wachache, ilifika Kombe la Dunia mwaka 1994 na mwaka 1998, na mwaka huo wa pili iliifunga Brazil 2-1. Wote hao walikuwa wanyonge waliojua unyonge wao, wakachagua silaha iliyowafaa, wakainoa mazoezini kila siku. Yule anayebutua kwa sababu mpira unamtisha hana silaha yoyote. Anachofanya ni kuurudisha kwa adui haraka.

PASI ZISIZO NA LENGO

Kwa upande mwingine, wako waliolewa na sifa za pasi. Hispania ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 2008, Kombe la Dunia mwaka 2010 na tena Kombe la Ulaya mwaka 2012 kwa mchezo wa kugongeana, na Barcelona ya Pep Guardiola ikaushangaza ulimwengu katika miaka hiyohiyo. Kuanzia hapo kila timu ilitaka kuwa Hispania. Hapa nchini mashabiki wa Simba waliuita mchezo wa timu yao "pira biriani", na mtu aliweza kuusifu ushindi kwa idadi ya pasi kama vile pasi ndizo zinazohesabiwa ubaoni.

Lakini Hispania hiyohiyo, katika Kombe la Dunia la mwaka 2018, ilipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi, ikatoka sare ya 1-1 na kutolewa kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2022 nchini Qatar ilipiga tena pasi zaidi ya 1,000, safari hii dhidi ya Morocco. Vijana wa Walid Regragui walikaa kwa nidhamu, wakaziba njia za katikati, wakawaacha Wahispania wapasiane pembeni kwa dakika 120 bila bao. Katika penalti Hispania haikufunga hata moja, na Morocco ikaendelea hadi kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2024, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga ilikutana na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, timu yenye jina kubwa barani kwa kumiliki mpira. Katika dakika 180, Dar es Salaam na kisha Pretoria, Sundowns haikupata bao. Yanga ilitolewa kwa penalti tu, baada ya shuti la Aziz Ki kugonga mwamba na kuzua mabishano kama mpira ulivuka mstari au la. Yanga ya siku hizo ilijua kugongeana, ilijua kujilinda, na ilijua kuupeleka mpira mbele kwa haraka pale nafasi ilipotokea. Uwezo wa kuchagua ndio uliowafanya wawe wagumu, na uwezo huo hauji isipokuwa kwa mchezaji ambaye mguu wake unautii ubongo.

SHERIA NAZO ZIMEBADILIKA

Asiyetaka kuyatazama hayo na atazame sheria. Tangu mwaka 1992 mlinda mlango haruhusiwi kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Tangu mwaka 2019 mpira wa goli huwa umeanza kuchezwa pale tu unapopigwa, bila kulazimika kutoka nje ya eneo la hatari, na hivyo walinzi huweza kuupokea jirani kabisa na lango lao. Mabadiliko hayo mawili yamemfanya mlinda mlango na mabeki kuwa waanzilishi wa mashambulizi. Beki ambaye kazi yake pekee ni kuondosha hatari ana nafasi finyu katika kandanda ya leo, na kijana wa Tarime anayelelewa kuwa beki wa namna hiyo anafungiwa mlango kabla hajaufikia.

CHANDIMU NI SHULE

Wapo watakaojibu kwamba maneno haya yanafaa Dar es Salaam penye nyasi bandia, si katika nyanda za juu za Tarime. Watasema kiwanja kina mteremko, kina mashimo ya kwato za ng'ombe, na mvua ikinyesha mpira haubingiriki. Wana hoja. Katika kiwanja kibovu pasi ya chini ni bahati nasibu, na mwalimu anayetaka kushinda mechi ya Jumamosi ana sababu ya kuagiza mpira upigwe juu.

Lakini hoja hiyo inasahau jambo ambalo kila mzazi huliona jioni. Watoto haohao, wakiachwa peke yao, hucheza chandimu. Mpira wao ni matambara na mifuko iliyofungwa kwa kamba. Magoli ni mawe mawili. Uwanja ni kipande cha njia au ua wa nyumba. Hapo hakuna anayebutua. Mpira wa matambara haurushiki mbali, na ukiingia shambani kwa jirani mchezo umekwisha. Kwa hiyo mtoto hujifunza kuuzuia, kuuficha kwa mwili, kupiga chenga katika nafasi ya hatua mbili na kumpa mwenzake aliye karibu. Anayafanya hayo juu ya ardhi mbaya kuliko ile ya kiwanja cha shule. Kisha siku ya mashindano huvalishwa jezi, huingizwa katika uwanja mkubwa uliokusudiwa watu wazima, na huamriwa aache yote aliyoyajua. Chandimu imemfundisha, shule inamfuta.

Ubaya wa kiwanja, basi, ni sababu ya kubadili mazoezi. Uwanja mmoja mkubwa hugawanyika katika viwanja vidogo vinne, na sehemu zilizo tambarare zikatumika kwanza. Timu za watoto watano au saba humwezesha kila mmoja kuugusa mpira mara nyingi, ilhali katika timu ya watu 11 wapo wanaomaliza kipindi kizima wakiutazama hewani. Panapokuwa na mpira mmoja wa ngozi kwa watoto 40, mipira ya chandimu ijaze pengo, kwa kuwa haihitaji fungu la fedha. Mashimo hufukiwa kwa majembe katika siku moja ya kazi ya pamoja, na serikali ya kijiji ina uwezo wa kuipanga siku hiyo.

Lililo gumu zaidi ni kubadili namna ya kuwapima walimu. Mwalimu wa michezo anayeulizwa tu kama ameleta kikombe ataendelea kuwachagua wavulana warefu waliowahi kukua, na kuwaacha wafupi wenye akili ya mpira. Urefu huo humsaidia mwaka mmoja. Wenzake wakishamfikia kimo, yule mrefu hubaki bila ufundi, na yule mfupi alikwisha kukata tamaa. Maofisa michezo na maofisa elimu waulize pia ni watoto wangapi waliocheza, na ni wangapi waliojua kuupokea mpira mwishoni mwa mwaka kuliko walivyojua mwanzoni.

MPANGO KABLA YA MGUU

Mkoa wa Mara una kumbukumbu inayouma. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, ikamaliza nafasi ya nne katika msimu wa 2020/21 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 jijini Dar es Salaam. Kisha ikashindwa kusafiri kwa mechi ya marudiano, ikatolewa bila kupiga shuti, na mwisho wa msimu huo ikashuka daraja. Vijana walikuwa wamefanya kazi yao uwanjani. Kilichokosekana hakikuwa miguuni mwao.

Funzo hilo linawahusu wanaokaa ofisini kama linavyowahusu wanaokaa kwenye benchi. Barua inayoandikwa siku ya mwisho na safari inayopangwa wakati gari limekwisha kuwashwa ni kubutua kwa aina nyingine: mtu hupiga mbele akitumaini kuna mwenzake atakayeuwahi mpira. Kupasiana ni tabia ya kujua nani anafuata, yuko wapi, na anahitaji nini ili afanye kazi yake.

Kijana wa Nyarero afundishwe kwanza kuutuliza mpira, kuinua kichwa na kumwona mwenzake. Akishajua hayo, siku itakapobidi kupiga mpira mrefu ataupiga, na utamfikia aliyekusudiwa. Aliyefundishwa kubutua tu hatakuwa na pa kurudi siku mpinzani atakapokuwa mrefu kuliko yeye. Samaki mkunje angali mbichi. Wanaopiga kelele kandoni mwa kiwanja wakumbuke kwamba wao ndio wanaokunja.