Mtaalamu wa Lishe wa Instagram, Pitia Nyarugusu Kwanza

Jamani, siku hizi hupitishi dakika tano kwenye simu hujakutana na mtaalamu wa lishe. Kuna staa mmoja, jina tunalihifadhi, wenyewe mtakuwa mmeshamjua. Jumatatu anauza chai ya kukata tumbo. Jumatano ana unga wa lishe wa watoto wenye nafaka 12. Jumamosi yuko kijijini na fulana nyeupe, kambeba mtoto wa watu, wafuasi wanamwaga makopa.

Mimi sina ugomvi naye, yule anatafuta riziki. Wanaonipa mawazo ni wadogo zetu wanaosomea lishe ambao wanamtazama na kuona ile ndiyo njia. Mtu kamaliza shahada yake Sokoine pale Morogoro, yuko nyumbani Kahama anasubiri ajira, halafu kazi ya kwanza anayofanya ni kufungua akaunti na kuuza ushauri kwa watu asiowajua. Mdogo wangu, hebu subiri kidogo. Nenda kajitolee kwenye lishe ya jamii kwanza, na uanzie hapo hapo Shinyanga na Geita.

Kwa nini huko? Geita ndiyo inaongoza nchini kwa dhahabu. Shinyanga ina Bulyanhulu, ina ng'ombe, ina mpunga. Ukisikia hivyo unadhani watoto wote wameshiba. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Tumepunguza, sawa, ila bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu, na wa migodini nao wamo kwenye hesabu hiyo.

Sasa sikia kitu ambacho simu haikufundishi: mtoto aliyedumaa huwezi kumjua kwa picha. Si lazima awe amekonda. Anacheka, anakimbia, ana mashavu. Unamkadiria miaka miwili, mama yake anakwambia mitatu imepita. Hapo ndipo unahitaji ubao wa kupimia. Aliye chini ya miaka miwili unamlaza, aliyevuka hapo unamsimamisha. Ukikosea sentimita chache, umempa mama jibu la uongo.

Na ule utepe wa mkono unaopenda kupiga nao picha una kazi yake. Unazungushwa katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Kuanzia sentimita 12.5 ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu. Kisha unabonyeza miguu yote miwili kwa kidole uone kama shimo linabaki, maana mtoto aliyevimba anaweza kuonekana mnene kumbe ana utapiamlo mkali. Nyekundu ikitokea hakuna kuposti, huyo anapewa rufaa siku hiyo hiyo. Mkono wako utazoea vipimo hivi ukishapima watoto wengi na mtu mzoefu amesimama pembeni anakusahihisha.

Ila kupima ndiyo sehemu rahisi. Kazi inaanza unapofungua mdomo kushauri.

Nenda Nyarugusu, Mgusu au Lwamgasa kule Geita, au Mwakitolyo upande wa Shinyanga. Kuna mama anaamka alfajiri kwenda kuponda mawe au kuosha mchanga mwaloni. Mdogo wa miezi tisa anabaki na dada yake ambaye naye ni mtoto. Wewe umefika na notsi zako: yai, maziwa, tunda, mtoto ale mara kwa mara. Mama anakusikiliza kwa heshima zote, anaitikia "ehee mwanangu", akirudi nyumbani anapika kile kile cha jana. Sio kwamba hajakuelewa. Wewe ndiye hujaelewa siku yake inavyokwenda.

Aliyekaa pale miezi mitatu anauliza tofauti. Nani anabaki na mtoto? Moto unawashwa mara ngapi kwa siku? Hela ya dhahabu ikipatikana inashikwa na nani? Akishajua hayo ndipo anaongea: mama, dagaa wale wale unaowanunua, watwange, uchanganye kwenye uji. Karanga ukipata, ziwe safi, nazo zitwange. Mtoto wa miezi tisa anahitaji mlo mara tatu hadi nne kwa siku kwa sababu tumbo lake ni dogo, kwa hiyo huyu dada anayebaki naye tumwonyeshe leo namna ya kumlisha. Pale machimboni ongea pia na wanaopikia wachimbaji. Tunawaita mama lishe kila siku, lakini ni mara ngapi tunawaalika kwenye mafunzo ya lishe?

Turudi kwenye ule unga wa nafaka 12. Aliyepita kwenye jamii anajua shida yake. Mahindi, soya na karanga haviivi kwa muda mmoja, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yanaweza kuwa na sumukuvu. Ukishasaga vyote pamoja huwezi tena kujua kibovu ni kipi. Anayelipia ujanja huo ni mtoto.

Na suala la picha. Kule unaanza na salamu, simu baadaye. Yule mama hata kama ni mdogo kwako, pale nyumbani kwake ni mayu, mpe heshima yake. Hali ya afya ya mwanaye ni siri yake, na tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Jiulize, wewe ungekubali sura ya mwanao izunguke mitandaoni ikiwa na neno utapiamlo?

Najua wengine mnasema kujitolea ni kunyonywa. Hapo nakubaliana nanyi nusu. Kujitolea kuna gharama: bodaboda, chakula, vocha. Anayeweza ni yule ambaye kwao wana uwezo, mtoto wa mkulima wa pamba anaachwa nyuma na kipaji chake. Halmashauri zimesaini mikataba ya lishe, zimeagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Basi zikipanga bajeti zimkumbuke kijana huyu walau kwa nauli na chakula cha mchana. Mashirika nayo yafanye hivyo hivyo.

Na wewe usiende kichwa kichwa. Fika kwa afisa lishe wa halmashauri na barua ya chuo. Omba kushiriki Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Muulize msimamizi wako ni nani, utafanya nini, kwa muda gani, na mwisho utapewa barua au la. Wafuate wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hao milango yote wanaijua. Ukiona miezi inakatika na kazi yako ni kubeba mkoba wa bosi, aga kwa adabu uondoke.

Na wewe staa wetu, kama unawapenda kweli wale watoto, chagua vijana watano wanaojitolea, uwalipie bodaboda mwezi mzima. Halafu usiposti. Sisi tutajua tu.