Ajali Haina Kinga: Neno la Kujificha



Katika mkutano wetu uliopita tuliombwa kuunga mkono barua ya kuomba matuta barabarani hapa Miyuji. Watu wote waliinua mikono, nasi tukainua. Mkutano ulipokwisha tukasimama nje kidogo kutazama motokaa za wanachama zikiondoka, wala hatukuona hata tatu zilizopita mbele ya lango la shule kwa mwendo ambao mtu mwenye akili angeuita wa polepole. Waliokuwa wameinua mikono ndio hao hao waliokuwa wameshika usukani. Hayo ndiyo yaliyotusukuma kushika kalamu, na twajua kwamba wako watakaochukia. Na wachukie.

Twaanza na methali, maana ndiyo ngao ya kila mkosaji. "Ajali haina kinga." Neno ajali asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya muda uliokadiriwa, yaani siku ya mtu iliyokwisha andikwa. Kwa maana hiyo wazee walisema kweli: siku ya mtu ikifika haina kinga. Lakini sisi tumelitwaa neno la kudra ya Mungu tukalibandika juu ya mambo tuyafanyayo kwa mikono yetu wenyewe, na kwa mguu wetu wa kulia hasa. Mtu apita gari lililosimama kwenye kivuko cha waendao kwa miguu, agonga mtoto, kisha asimama kandokando amejishika kiuno asema, "Ajali haina kinga." Je, kivuko hicho kilichorwa cha nini, kama si kinga?

Majira ya mvua yaliyopita mmoja wetu, mwanachama aliyelipa ada zake zote, alimgonga mama mmoja auzaye maandazi kando ya barabara hii yetu. Hatutamtaja jina, wala hatuna haja, kwa kuwa angaliweza kuwa ye yote kati yetu. Njia ile alikuwa ameipita asubuhi na jioni kwa miaka minne. Yeye mwenyewe alituambia, tena kwa uchungu wa kweli, kwamba siku hiyo hakumbuki kabisa kuiona njia tangu alipotoka kwake hata aliposikia kishindo. Mama yule alivunjika mguu mahali pawili. Basi sisi wanachama tulifanya nini? Tulichanga. Tulichanga fedha za kutengeneza taa na boneti ya motokaa ya ndugu yetu, tukampa na barua ya kumpa pole. Kwa mama yule walikwenda wajumbe wawili na kilo mbili za sukari. Daftari la mweka hazina lipo, na atakaye na alifungue.

Twarudi kwenye neno la ndugu yetu, kwamba hakumbuki kuiona njia. Tuliposikia tulishtuka, kisha tukajipima nafsi zetu, tukaona kwamba nasi tuna asubuhi nyingi za namna hiyo. Mgeni aingiaye Dodoma mara ya kwanza hutazama kila upande, hupunguza mwendo kila penye watu. Mwenyeji hatazami, kwa sababu adhani amekwisha ona. Aijua njia ya jana. Ya leo hajaiona bado. Ng'ombe walioamua kuvuka leo hawakuwapo jana, wala mtoto aliyechelewa shule akatoka mbio nyuma ya daladala hakuwapo jana. Mazoea ni kitambaa cha macho, na hakuna askari wa barabarani awezaye kukifungua kwa niaba yetu.

Tena njia yetu hii si ile tuliyoizoea, ijapokuwa majina ya vituo ni yale yale. Tangu ulipozinduliwa mwaka 2018 mwendo wote wa lami wa kilomita 251 kutoka Dodoma hata Babati, barabara ya Arusha inapitisha mabasi ya safari ndefu na malori yatokayo kaskazini, na yote yapita katikati ya nyumba zetu. Dodoma nayo ilitangazwa kuwa Jiji mwaka huo huo, tarehe 26 Aprili. Serikali ilipoamua kwa nguvu mwaka 2016 kuhamia huku, na ofisi zikajengwa Mtumba, kilomita kama 17 mashariki ya mji, watumishi kwa maelfu tulijikuta twasafiri kila siku njia ambayo baba zetu waliisafiri mara moja kwa mwezi, na wao kwa baiskeli.

Na hapa pana jambo ambalo hatujasikia likisemwa mkutanoni hata mara moja. Aendaye Mtumba asubuhi akiisha kuuacha mji ana jua usoni. Arudiye jioni ana jua usoni. Nchi yetu ni tambarare na kame, mawingu ni haba wakati wa kiangazi, wala hakuna msitu wa kulikinga jua lile likiwa chini. Juu ya kioo chenye vumbi jua hilo hugeuka ukuta mweupe, na nyuma ya ukuta huo kuna mtu aendesha baiskeli na magunia mawili ya mkaa. Dawa yake ni kitambaa, maji na dakika mbili kabla ya kuondoka, pamoja na kupunguza mwendo pale macho yasipoona. Hata hivyo twashindana kupita magari ya wenzetu katika saa ile ile ambayo hatuoni kitu.

Mtasema, "Tutachelewa." Haya, na tupige hesabu, maana sisi ni makarani na hesabu ndiyo kazi yetu. Chukua kilomita 20. Kwa mwendo wa 50 kwa saa ni dakika 24. Kwa mwendo wa 80, kama njia yote ingekuwa tupu, bila mzunguko, bila taa, bila mbuzi, ni dakika 15. Faida ni dakika tisa, nazo hatuzipati kamwe, maana yule aliyetupita kwa kishindo twamkuta tena kwenye mzunguko, amesimama mbele yetu gari moja tu. Sasa tazama gharama. Mwendo wa 50 ni karibu mita 14 kila nukta moja ya saa. Mwendo wa 80 ni mita 22. Kabla mguu haujafika kwenye breki, nukta nzima imekwisha kupita. Na nguvu ya kishindo haizidi kwa kadiri ya mwendo tu, bali kwa mwendo uliozidishwa kwa mwendo: 80 yapiga zaidi ya mara mbili na nusu kuliko 50. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilipoweka 50 mahali penye makazi ya watu haikutaka kutuonea.

Wengi wetu lawama yote twawatupia vijana wa bodaboda. Kweli, vijana wale wana makosa yao, na kofia ngumu wengine huivalisha tangi la mafuta badala ya kichwa. Lakini ni nani amwambiaye kijana, "Wahi, wahi, nimechelewa"? Ni nani apandaye wa tatu nyuma, amevaa tai na kubeba faili? Twajuana.

Jambo zito kuliko yote tumeliacha hapa kwa makusudi, na tutalisema japo lina hatari kwetu. Ni habari ya madereva wa magari ya Serikali, ambao ni wanachama wenzetu. Mkubwa hutoka nyumbani saa mbili na nusu kwenda kikao cha saa tatu, huketi nyuma, hufungua karatasi zake, kisha husema neno moja, "Kanyaga." Dereva afanye nini? Akikataa, mwaka haujaisha ataona jina lake katika orodha ya wanaohamishwa. Akikubali, na msiba ukatokea, barua ya kujieleza huandikiwa yeye, mahakamani husimama yeye, na yule aliyesema "Kanyaga" huandikwa katika taarifa kuwa abiria. Abiria! Sisi tulioandika taarifa hizo kwa mikono yetu twajua jinsi sentensi zake zinavyopangwa hata neno la mkubwa lisionekane. Wala tusidhani cheo ni kinga. Taifa hili lilimpoteza Waziri Mkuu wake, Edward Moringe Sokoine, tarehe 12 Aprili 1984, kwa mgongano wa magari pale Dakawa, akitoka hapa hapa Dodoma kwenda Dar es Salaam. Chuma hakisomi kibao cha gari.

Habari za dunia zafanana na zetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani, na zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani si wenye motokaa walio wengi katika makaburi hayo, bali ni wale walio nje ya vioo vyetu.

Hatusemi matuta yasiombwe. Barua na iende. Iombwe pia njia ya kando kwa waendao kwa miguu, maana ni aibu mtoto wa shule kugawana lami na lori la Arusha. Nayo barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2022, na ambayo yapita Veyula kwenda Mtumba, ni jambo jema la kuyapisha malori mbali na milango yetu. Lakini twawajua wanachama: tuta la mbele ya nyumba yake mtu hulisifu, na la mbele ya nyumba ya mwenzake hulitukana.

Kwa hiyo katika mkutano ujao tutaleta hoja tatu, na twataka zipigiwe kura kwa majina, wala si kwa kuinua mikono. Kwanza, mfuko wa Chama usitoe hata senti kutengeneza motokaa ya mwanachama aliyemgonga mtu, mpaka aliyegongwa awe ametibiwa. Pili, Chama kimsimamie dereva ye yote atakayeadhibiwa kwa kukataa amri ya kwenda mbio, na kila amri ya namna hiyo iandikwe katika daftari la safari pamoja na saa yake na jina la aliyeitoa. Tatu, wajumbe wawili waende tena kwa yule mama wa maandazi. Mguu wake haujapona sawasawa, na meza yake sasa husimamiwa na binti yake wa darasa la tano, saa ambayo yampasa kuwa shuleni.