Oili ya Injini Yataka Elimu, Si Mazoea

Kati ya vitu vyote vinavyomiminwa katika gari, hakuna kinachodharauliwa kama oili. Petroli na dizeli hupimwa kwa makini kwa sababu zikiisha gari husimama papo hapo. Maji ya rejeta hukumbukwa kwa sababu mvuke huonekana. Lakini oili ikipungua au ikichakaa, injini huendelea kunguruma kana kwamba haikudhuriwa, mpaka siku inapogoma, na siku hiyo dawa huwa ni kuifungua yote. Kwa sababu hiyo, kuichagua oili na kuiongeza si kazi ya fundi peke yake, bali ni elimu inayostahili kufundishwa shuleni.

Nchi ya Marambo, yaani Nachingwea na Ruangwa, ina ushahidi wa zamani kuhusu thamani ya elimu ya namna hii. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha katika Tanganyika mpango mkubwa wa kulima karanga kwa mashine, na maeneo yake yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ilijengwa Mtwara na reli ikavutwa hadi Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa masazo ya Vita Kuu ya Pili. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa mashine za kung'oa miti. Huko Kongwa, ambako kazi ilianza, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa kwa hasara ya kiasi cha pauni milioni 36, na reli ya Nachingwea ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sababu za anguko hilo zilikuwa nyingi: mvua haba, udongo mgumu, mashine zilizokwisha kuchakaa, vipuri visivyopatikana. Oili peke yake isingaliuokoa mpango ule. Hata hivyo, mashine zilitangulia na elimu ya kuzitunza ikafuata nyuma, ilhali mashine isiyo na mtu anayeijua ni chuma tu. Leo Marambo ina malori ya korosho na ufuta, mabasi, matrekta na pikipiki nyingi za abiria. Je, safari hii elimu imetangulia?

Kwanza yafaa kueleza kazi ya oili. Ruangwa ina madini ya kinywe, ambayo yameundwa kwa matabaka yanayoteleza moja juu ya jingine. Kwa hiyo kinywe hutumika kupunguza msuguano. Oili hupunguza msuguano kwa njia nyingine: hujenga utando mwembamba kati ya vyuma viwili ili visigusane. Zaidi ya hayo hubeba joto, huziba nafasi kati ya pistoni na silinda, huzuia kutu, na huchukua masizi na uchafu hadi kwenye chujio. Vumbi la barabara za kiangazi lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko vyuma vingi vya injini. Zikipenya katika chujio la hewa lililotoboka na kuingia katika oili, kilainishi hugeuka kuwa msasa.

Uwezo wa oili kujenga utando hutegemea mnato wake, yaani ukinzani wake dhidi ya kutiririka. Kwenye kopo huandikwa, kwa mfano, 15W-40. Namba ya kwanza, yenye herufi W, hueleza utiririkaji wakati wa baridi; ya pili hueleza mnato oili inapofikia nyuzi 100 za Selsiasi. Wapo wanaoshikilia kwamba nchi ya joto hutaka oili nzito kupita zote. Imani hii ina chembe ya ukweli, lakini haitoshi. Injini iliyokwisha kupata moto hudhibiti joto lake yenyewe, hivyo oili iliyo ndani yake, iwe Nachingwea au London, hukaribiana kwa joto. Kinachoamua hasa ni nafasi iliyoachwa na mtengenezaji kati ya vyuma. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika sehemu za juu injini inapowashwa, na nyepesi kupita kiasi hukatika utando. Namba ifaayo imo katika kitabu cha gari, ambacho mara nyingi hutoa jedwali kwa kufuata hali ya hewa.

Hapana budi pia kusoma herufi za daraja: kwa utaratibu wa API, herufi S huanzia daraja za injini za petroli na C za dizeli. Pikipiki nyingi zina klachi inayooga katika oili ya injini. Zikitiwa oili ya gari yenye viungo vya kuongeza utelezi, klachi huweza kuteleza. Na chupa isiyo na maandishi haina la kusomwa, hata iwe rahisi namna gani.

Kuhusu kuongeza, gari na lisimamishwe mahali tambarare, injini izimwe na kuachwa dakika chache, kijiti kipanguswe, kirudishwe, ndipo kisomwe. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi ya juu, krenki huweza kuipiga ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Tena kuongeza si kubadilisha. Injini ya lita 5 ikiongezwa lita 1, sehemu 4 kati ya 5 ni oili ile ile ya zamani, pamoja na asidi na masizi yake. Injini inayodai kuongezwa kila wiki inavuja au inaunguza oili. Moshi wa buluu ni taarifa, na anayeendelea kumimina bila kuuliza anaficha ugonjwa.

Itasemwa kwamba mwenye kipato kidogo hana budi kununua kilicho rahisi. Hoja hii ni nzito, lakini inaelekea upande wa pili: mwenye pikipiki moja ndiye asiyeweza kumudu kupoteza injini moja. Kusoma kopo na kupima kijiti hakuna gharama.

Hapo ndipo mwalimu wa fizikia anapohitajika. Msuguano hufundishwa kwa vipande vya mbao juu ya meza. Ungefundishwa pia kwa chupa mbili ndefu za mafuta ya karanga, moja ikiwa imepashwa joto juani. Gololi ikidondoshwa katika kila moja na muda kupimwa, mnato huacha kuwa neno la kukariri. Kisha mwanafunzi asome kijiti cha gari la shule. Zao la karanga lililoleta mashine Nachingwea pasipo elimu ya kutosha litakuwa limefundisha, hatimaye, namna ya kuzitunza.