Mkoba wa Ayo: tushone au tutupe?

Mwezi huu mwenzenu nina kesi, na mshtakiwa ni mimi mwenyewe. Ushahidi uko hapa mezani: mkoba wa ngozi, rangi ya kahawia, mkanda umekatika upande mmoja, mshono wa chini umeachia kama urefu wa kiganja, na kwenye kifuniko kuna ufa ambao mwaka jana haukuwepo. Huo ufa ndiyo kosa langu hasa. Mengine ni uzee tu.

Nianze mwanzo. Mume wangu ni mtu wa Bashay, kule Mbulu, mkoani Manyara. Mimi ni mtoto wa mjini, vitunguu saumu navijua vikiwa sokoni, sio shambani. Nilipopelekwa ukweni mara ya kwanza baada ya harusi, mama mkwe, ambaye wote tunamwita Ayo, yaani mama kwa Kiiraqw, aliniita chumbani kwake akanikabidhi huo mkoba. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Mwanangu, huu ni wa kutembelea." Nikashukuru kwa magoti yote mawili, ila moyoni nikajisemea, jamani, si bora ningepewa kitenge!

Baadaye ndipo Baba Neema akanisimulia. Mkoba ule baba yake, ambaye sasa ni marehemu, aliununua Arusha mwaka 1982 baada ya kuuza ndama. Kama una mzazi wa umri huo muulize hiyo miaka ilikuwaje. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha 1979 na nchi iko hoi, sabuni foleni, sukari foleni, na mwaka uliofuata, 1983, serikali ikaanza kuwasaka walanguzi. Sasa mtu wa kijijini anauza ndama ili mke wake apate mkoba! Majirani walimwona kachanganyikiwa. Ndani ya mkoba huo Ayo alibeba kadi za kliniki za watoto wake wote sita, hela za mavuno na kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Mume wangu anasema kuna siku aliugua akiwa mdogo, mama akambeba mgongoni safari nzima ya kwenda hospitali, mkoba uko begani, na kitu anachokumbuka mpaka leo ni harufu ya ile ngozi karibu na pua yake.

Haya, sasa mimi na akili zangu nikafanyaje? Nikautia kompyuta ya ofisini, chaja, chupa ya maji na viatu vya kubadilisha. Mkoba wa kubebea kadi za kliniki! Jioni moja nikiwa nagombania daladala, mkanda ukasema basi. Kila kitu chini.

Hapo ningefika nyumbani nikasema, yangeisha. Lakini mwenzenu nikaogopa. Nikaukunja katikati, nikauviringisha kwenye mfuko wa nailoni, ile mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019 (nilikuwa nimebakiwa na mmoja, msinishtaki), nikausukuma juu ya kabati nyuma ya masanduku. Baba Neema akiuliza, "Mbona siku hizi huubebi ule mkoba wa mama?" namjibu, "Nimeupumzisha." Miezi minane nimeupumzisha!

Ikafika Desemba, safari ya Krismasi Bashay inanukia. Shoga yangu mmoja akanipa ushauri wa mjini: "Nunua mwingine bomba, ukweni sema umeibiwa." Nikiri kwamba niliufikiria usiku mzima. Kesho yake nikaushusha. Nilipoufungua nikapigwa na harufu ya uvundo, ukungu wa kijani umetapakaa, na pale nilipokunja pamepasuka. Hapo ndipo nilipoubeba mpaka kwa fundi viatu aliyeko karibu na ofisini kwetu. Mzee huyo alinifundisha mambo ambayo nataka niwagawie, maana najua kabati zenu zina nini.

Kwanza: ngozi iko hai au imekufa?

Fundi hakuangalia mkanda kabisa. Alianza na ngozi. Kama ni ngozi bandia, alisema, na imeanza kubanduka magamba kama mtu aliyeungua jua, usipoteze hela. Lile tabaka la juu ni plastiki iliyogandishwa juu ya kitambaa, likianza kubanduka halirudi, hata ulipake dawa gani. Ngozi ya kweli haibanduki hivyo, inachakaa, inakauka, inapasuka.

Ukitaka kujua ni ipi, angalia ukingo uliokatwa. Bandia utaona nyuzi za kitambaa chini ya plastiki. Ya kweli utaona nyama yenye vinyweleo kama sufi. Wa kwangu ukingo ulikuwa kahawia mpaka ndani, na fundi akaniambia hiyo ni dalili ya ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Hapa nyumbani mti unaojulikana kwa kazi hiyo ni miwati, ile ambayo kule Njombe kuna kampuni iliyoanza kuipanda mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake. Ngozi nyingi za siku hizi zinatengenezwa kwa chumvi za kromu, ni laini na zinavumilia maji zaidi, na ukizikata ndani mara nyingi utaona rangi kama kijivu au bluu. Ya magome ni ngumu zaidi, inashika umbo, inazeeka vizuri, ila ukiilowesha halafu ukaikausha kwa haraka inakakamaa kama ubao.

Halafu akasugua kidole kwenye kona. Kama ngozi ikikuachia unga mwekundu kidoleni, imeoza ndani na haina dawa, ukiishona sindano inaikata kama biskuti. Yangu haikuacha unga. Akaikunja taratibu pembeni, ikakunjika bila kulia. "Hii iko hai," akasema. Nilitaka kumkumbatia!

Pili: kilichoharibika ni mshono au ngozi yenyewe?

Hapa ndipo hela yako inapookoka au inapopotea. Mshono ukiachia, zipu ikifa, bitana ikichanika, bizimu ikiota kutu, hayo yote ni vitu vinavyobadilishwa. Fundi mzuri atapitisha uzi uliopakwa nta kwenye matundu yale yale ya zamani, kwa sindano mbili zinazopishana, ili hata uzi ukikatika sehemu moja upande wa pili ubaki umeshika. Ukimwona anataka kupiga cherehani na kutoboa matundu mapya kando ya yale ya zamani, msimamishe. Matundu mengi ni kama karatasi ya stempu, siku moja inachanika yote mstari mzima.

Ngozi ikipasuka ni habari nyingine. Ufa haushonwi ukapona. Unaweza kuwekewa kiraka kwa ndani usiendelee, lakini alama inabaki. Na gundi ya haraka, ile tunayogundishia kila kitu nyumbani, fundi aliniambia nisithubutu, inakuwa ngumu kama kioo na kupasua pembeni yake.

Ukungu je? Huo si mwisho wa dunia. Futa nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, uanike kivulini penye upepo, ndani umejaza magazeti. Sio juani, sio karibu na jiko. Ukikauka ndipo upake mafuta ya ngozi kidogo kidogo. Mafuta ya kupikia hapana, yanavunda na kunuka. Na usihifadhi ngozi ndani ya nailoni, maana unyevu unafungiwa humo humo. Ndiyo, fundi alisema hivyo huku akiniangalia usoni.

Hesabu yake: mkanda 12,000, mshono wa chini 8,000, kiraka cha ufa 10,000, bitana mpya 15,000. Jumla 45,000. Njiani nilipita duka la mikoba, mpya wa ngozi bandia, unang'aa balaa, 35,000. Sasa wewe ungefanyaje?

Usiku ule ndipo nikamwambia mume wangu. Niliuweka mkoba kitandani nikasimulia yote, pamoja na habari ya kutaka kusema nimeibiwa. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Aliushika, akapitisha kidole kwenye ufa, akasema, "Mkanda ungekatika hata ukiwa na mama. Ila kila nilipokuuliza ulinijibu huku umenitazama machoni. Sasa mengine ulionijibu hivyo nitayajuaje?" Kisha akageukia ukutani. Wapenzi wasomaji, hilo halina fundi wa 45,000. Siku tatu tuliongea mambo ya gesi na ada tu.

Ya kushona au kutupa alikataa kuyajibu. "Mkoba ni wa mama," alisema. "Tutaupeleka kwake ulivyo."

Tatu: unakwenda nao wapi?

Safari ya Arusha mpaka Bashay kupitia Karatu na Mbulu mjini sijawahi kuiona ndefu vile. Tulipofika, shikamoo na chai vilipokwisha, nikautoa mkoba nikamwekea Ayo mapajani. Nikaeleza, sauti inatetemeka. Akaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, halafu akacheka!

"Mkanda huu sio wa kwanza," alisema. "Wa kwanza ulikatika watoto wakiwa wadogo, nikatengenezewa huu. Na bitana nimebadilisha mwenyewe mara mbili." Kumbe kile nilichokuwa nakililia kama urithi usioguswa kilishaguswa zamani!

Kisha akatusimulia habari za bibi yake. Zamani mabinti wa Kiiraqw waliotoka kwenye marmo, ambayo ni kama unyago, walivaa sketi za ngozi zilizotiwa shanga kwa mkono, kazi ya kukaa na sindano siku nyingi. Serikali ya Mwingereza ilipiga marufuku marmo miaka ya 1930, na baadhi ya sketi hizo leo ziko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Bibi yake, alisema, alikuwa akiitoa yake mara kwa mara, anaipaka mafuta, anaisugua kwa mikono, hata kama hana pa kuivaa. Ngozi ikiachwa peke yake inakakamaa.

Mwishoni akaniuliza swali ambalo mimi wala fundi hatukuliuliza: "Ukishonwa, utakwenda nao wapi?" Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba kazini siwezi kuacha kubeba kompyuta, na mkoba huu hauiwezi. "Basi nunua huo wa dukani wa kubebea mashine yako," akasema. "Huu ushone, uende nao kanisani na kwa watu. Ufa uwekewe kiraka kwa ndani, kwa nje uuache. Bitana usimlipe mtu, nitakupa kitenge ushone mwenyewe. Na siku ngozi ikikataa kabisa, kata sehemu nzima iliyobaki mnishonee pochi ya hela." Kwa hiyo kutoka 45,000 tukashuka mpaka 30,000. Ayo hajawahi kusoma uhasibu!

Basi hivyo ndivyo nilivyojifunza kupima. Kama ngozi imekufa, tupa, au kata kipande kizima ukumbuke nacho. Kama iko hai na kilichoachia ni mshono, shona, hata kama mpya ni rahisi zaidi, maana huo mpya wa bandia mwakani utakuwa umebanduka. Kama ngozi yenyewe imepasuka, jiulize unakwenda nao wapi, na usilipe hela ya kuurudisha kwenye kazi iliyouua. Na ukikatika mkanda, nenda kwa fundi wiki hiyo hiyo. Mimi siku ile ya daladala ningetoa 12,000 na 8,000 ya mshono, basi. Ile 10,000 ya kiraka ni bei ya kuficha.

Na Baba Neema? Tunaongea. Sio kama zamani bado. Juzi aliniuliza kama nimelipa ankara ya maji, nikamwambia nimelipa, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Nionyeshe risiti." Nikamwonyesha. Iliniuma, lakini nilimwonyesha bila kununa. Jumamosi hii tunaupeleka mkoba kwa fundi, na amesema atakuja na yeye, anataka kuangalia kama kweli mzee anatumia sindano mbili.

Kitenge cha Ayo nimeshakikata. Tukutane mwezi ujao.