Yaya na bwana yake katika soko la Bangkok

Juma hili ninawaletea habari ya nyumba moja ninayoijua vizuri, nyumba ya yaya yangu. Amenipa ruhusa niandike, ila alinikataza kutaja majina.

Yaya anauza nguo za wanawake hapa Lubumbashi, kwenye soko la Kenya. Mara nne alikwenda kuzifuata Bangkok, katika inchi ya Thailand, peke yake, na makuta ya likelemba pamoja na mkopo kidogo. Anapanda ndege hapa, anabadilisha Addis-Abeba, anafika, anakaa siku sita, anarudi. Mara ya tano bwana yake alikwenda pamoja naye. Hakualikwa. Wakubwa wa jamaa yake walikuwa wameanza kuuliza: mwanamke mwenye bwana anafanya nini siku sita katika inchi ya watu? Usiku analala wapi? Hoteli inalipwa na nani? Maneno haya mnayajua. Shemeji si mtu mbaya, lakini neno likiingia sikioni kila siku ya Mungu baada ya misa, siku moja linashuka mpaka moyoni. Akasema: "Safari hii tunakwenda wote wawili." Yaya hakubishana. Alihesabu tu tiketi ya pili ni blauzi ngapi, kisha akanyamaza siku mbili nzima.

Kwa wasiofika huko, soko analonunulia linaitwa Pratunam. Katika lugha yao maana yake ni mlango wa maji, juu ya mfereji unaopita pale. Hata leo mfereji huo ni barabara: mashua ndefu zinapita mbio zikibeba watu wa kazi, na abiria wa pembeni anavuta kamba ili plastiki ipande juu, maji machafu yasimrukie. Wauzaji wa jumla wanaanza kabla jua halijatoka. Basi yaya akamwamsha shemeji kukiwa bado giza. Shemeji alidhani kuna moto.

Biashara ya pale haihitaji Kifaransa wala Kiingereza. Ukigusa blauzi, muuzaji anapiga bei kwenye mashini ya hesabu na kukugeuzia. Wewe unafuta, unapiga yako. Anacheka, anafuta, anapiga nyingine. Nguo moja ina bei yake. Ukichukua tatu, mara nyingi unaanza kupata bei ya jumla. Dola moja ni zaidi ya bahti 30, kwa hiyo kila mara yaya anatoa bahti na kuingiza dola, anatoa dola na kuingiza franka, anaongeza kilo za kargo, anaongeza duane, anaondoa faida ya mwenye mkopo, halafu ndipo anajua kama blauzi hiyo italisha watoto ama itamla yeye. Shemeji, mtu wa biro, alitaka kumsaidia kwa telefone. Alipopata jibu, yaya alikuwa amefika kibanda cha tatu mbele. Mimi ni mwalimu, na ninawaambia: yaya aliacha masomo mwaka wa nne wa sekondari, lakini hesabu hiyo ya kichwa ningependa kuiona kwa wanafunzi wangu.

Saa sita ya mchana shemeji alikaa juu ya mfuko, hakuweza tena. Mabega yalikuwa yamekatwa na kamba. Aliuliza: "Kila siku ni hivi?" Yaya akamjibu kwamba leo ni nusu, kwa sababu wako wawili.

Kisha kulikuwa na jambo la hoteli. Jioni hiyo walikutana katika kolidoo na mama mmoja wa Kinshasa, mchuuzi pia. Alimsalimu shemeji kwa heshima, halafu akasema: "Kumbe ni wewe uliyenifukuza kitandani." Kwa safari zote nne yeye na yaya walikuwa wakichangia chumba kimoja, kitanda kimoja, na valizi zimepangwa mpaka karibu na dari, ili kila mmoja alipe nusu. Hakuna aliyemuuliza. Alisema tu, akaendelea na njia yake na ndoo ya maji. Shemeji alibaki amesimama.

Wamama, hapa ninasema yangu. Ninafurahi kwamba alisikia. Lakini kuna kitu kinaniuma: yaya alimweleza mambo hayo hayo miaka miwili jikoni kwake, bila tiketi. Mbona neno la mgeni katika kolidoo lilikuwa na uzito kuliko la mwenye nyumba?

Siku ya nne mizigo mikubwa ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa mtu wa kargo. Shemeji akauliza mto uko wapi, maana kwenye ramani ya telefone aliona mji umejengwa juu ya mto mkubwa, Chao Phraya. Yaya hakujua. Mara tano Bangkok, na hajapata kuuona mto. Alijua ofisi ya kargo, mahali pa kubadilisha dola, na mwanamke anayeuza wali wa bei rahisi. Basi siku hiyo shemeji ndiye aliyeongoza.

Walipanda mashua ya mfereji mpaka mwisho wake, halafu pikipiki ya magurudumu matatu hadi jumba la wafalme, lililoanza kujengwa mwaka 1782. Mlangoni pale hawaruhusu mabega wazi wala magoti wazi. Yaya alikuwa na kikwembe chake cha kawaida, akapita. Shemeji alikuwa na kaputula, akarudishwa. Ikabidi anunue barabarani suruali pana yenye picha za tembo, na kwa sababu alikuwa na haya alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Yaya mpaka leo anaikumbuka bei hiyo. Suruali ameificha ndani ya kabati; siku shemeji akipandisha sauti, anaitoa.

Karibu na jumba hilo kuna hekalu la Wat Pho, ambamo sanamu ya Buda imelala ubavu, urefu wake mita 46, imepakwa dhahabu. Unavua viatu kabla ya kuingia. Kando ya ukuta kuna bakuli 108 za shaba, na watu wanapita wakitupa kila moja sarafu. Ndani yote inasikika sauti hiyo tu, tii, tii, tii. Yaya ni Mkatoliki, hakutupa kitu, lakini anasema alisimama muda mrefu akisikiliza, kwani ni mara ya kwanza katika mji ule alisikia makuta yanaanguka bila yeye kuyahesabu.

Wakala kando ya njia. Shemeji alisikia mtu anatwanga akadhani ni sombe. Kumbe ni papai bichi, linatwangwa kidogo kinuni na pilipili, ndimu na karanga. Linaliwa na wali wa kunata, ambao unaufinyanga kwa vidole kama bukari. Wakashiba vizuri.

Halafu wakavuka mto kwa kivuko mpaka Wat Arun, hekalu refu ambalo kuta zake zimepambwa kwa vipande vya sahani na bakuli za China. Wakakaa pale ng'ambo mpaka jua likazama. Shemeji akamuuliza: "Kwa nini hukuniambia kazi ni ngumu hivi?" Yaya akajibu: "Ningekuambia ninachoka, ungeniambia niache. Na karo?" Hawakuongea tena mpaka kivuko cha kurudi.

Tiketi ya shemeji haikupotea yote. Ilimpa haki ya valizi mbili za kilo 23, na yaya alizijaza mpaka gramu ya mwisho. Nyumbani sasa anamuita "Kilo 46". Wakubwa wa jamaa walipokuja kuuliza alichokiona, shemeji hakutoa hotuba. Alifungua shati, akawaonyesha bega.

Mwezi wa tano likelemba inamfikia tena yaya. Atakwenda peke yake. Yule mama wa Kinshasa amekwisha kuambiwa kwamba kitanda kiko wazi.