Wahadzabe: Tulinde Pori Lao, Tuwapelekee Maji

Liko jambo moja katika nchi yetu ambalo sisi watumishi wa umma na walimu hatuna budi kulitazama bila kupepesa macho. Katika maabara za ng'ambo, tumbo la Mhadzabe ni hazina. Wataalamu wanalisifu, wanaliandikia makala katika majarida makubwa ya sayansi, na wanalilinganisha na matumbo yao wenyewe kwa masikitiko. Lakini huku nyumbani, kandokando ya Ziwa Eyasi, mtoto wa Mhadzabe huyo huyo anaweza kufa kwa kuharisha, ugonjwa ambao kinga yake inajulikana na ambao huduma yake ya kwanza hupatikana jikoni.

Wahadzabe ni wananchi wenzetu wapatao elfu moja na ushei. Wanaishi katika Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, huko Mangola wilayani Karatu, na katika sehemu za mikoa ya Singida na Simiyu. Wengine wetu bado tunawaita Watindiga, jina ambalo si lao. Mia chache miongoni mwao wangali wanapata sehemu kubwa ya riziki yao porini: mizizi inayochimbwa na akina mama, ubuyu, matunda ya msimu, asali na nyama ya mawindo. Hawalimi wala hawafugi. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi sisi wenye kalamu na ofisi tumewahesabu kuwa watu wenye njaa, wanaosubiri kufundishwa kula.

Sayansi imetuumbua. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha vijidudu vya tumboni vya Wahadzabe na vya Wataliano wa mji wa Bologna. Mwaka 2017 jarida la Science lilitoa utafiti mwingine uliotumia sampuli 350 za kinyesi kutoka kwa Wahadzabe 188, zilizokusanywa kwa majira mbalimbali ya mwaka. Ilionekana kwamba vijidudu vyao hubadilika pamoja na chakula: aina fulani hupungua masika matunda na asali vinaposhamiri, na hurejea kiangazi nyama inapokuwa nyingi. Mwaka 2023 utafiti wa tatu, uliochapishwa katika jarida la Cell, ulikadiria kwamba tumbo la Mhadzabe lina wastani wa aina 730 hivi za vijidudu, ambapo tumbo la mkazi wa California lina aina 277 hivi.

Msomaji atauliza: wingi wa vijidudu una faida gani, nasi tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba kijidudu ni adui? Jibu ni kwamba wako maadui na wako vibarua waaminifu. Katika utumbo mpana wanaishi bakteria wanaokula nyuzinyuzi za mimea ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya. Wakizila, hutoa asidi ambazo hulisha ukuta wa utumbo, huusaidia kuwa imara, na huzituliza nguvu za kinga ya mwili zisipigane ovyo. Asiyekula nyuzinyuzi huwanyima vibarua hao chakula, na baadhi yao hutoweka. Mhadzabe hukadiriwa kula gramu 100 au zaidi za nyuzinyuzi kwa siku. Mmarekani wa kawaida hula kama gramu 15. Haishangazi, basi, kwamba kisukari na maradhi ya moyo, ambayo sasa yanatusumbua sisi wa mijini, ni nadra sana miongoni mwa Wahadzabe wanaoishi kwa chakula cha pori.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wapo wanaosoma habari hizi wakahitimisha kwamba Wahadzabe hawahitaji lolote kutoka kwetu, na kwamba tuwaache kama walivyo, mithili ya vitu vya makumbusho. Huo ni ukatili uliovikwa joho la heshima. Wataalamu walioishi nao kwa miaka mingi wameandika kwamba mtoto mmoja kati ya watano hivi hakufikia umri wa mwaka mmoja, na kwamba karibu nusu ya watoto hawakufikia umri wa miaka 15. Vijidudu vyema vya tumboni havimlindi mtoto dhidi ya maji machafu. Zaidi ya hayo, mtoto anayekunywa uchafu siku baada ya siku, hata kama haharishi, ukuta wa utumbo wake huchakaa na chakula anachokula hakimjengi mwili. Hii ni mojawapo ya njia zinazoleta udumavu, na udumavu si tatizo la Wahadzabe peke yao: takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa.

Kwa hiyo yako makosa mawili, nayo ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza ni kuwahurumia kwa chakula chao na kuwapelekea unga. La pili ni kukisifu chakula chao na kuwanyima maji. Wanachohitaji ni kinyume cha yote mawili: chakula chao kilindwe, na maji safi na kinga ya maradhi viwafikie.

Tuanze na ardhi, maana huko ndiko chakula chao kinakotoka. Kwa desturi kambi ya Wahadzabe huhama mara kadhaa kwa mwaka. Mgeni huona kuhama huko kuwa ni utangatanga. Mtazamaji makini atatambua kwamba ni kanuni ya usafi: watu wachache, wakikaa mahali kwa majuma machache kisha wakaondoka, hawalimbikizi uchafu karibu na kisima chao. Lakini pori likimegwa na shamba upande huu na malisho upande ule, kambi haina pa kuhamia. Watu hukaa pale pale, maji yale yale hunywewa na ng'ombe na mtoto, na mizizi ya karibu huisha. Mtaalamu wa afya akifika atakuta kuharisha na kuandika katika daftari lake kwamba watu hawa hawana elimu ya usafi. Hataandika kwamba walinyang'anywa usafi wao pamoja na ardhi yao.

Historia inatuonya. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi katika makazi ya kudumu huko Yaeda Chini. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na kilimo. Lakini watu waliozoea kuishi wachache wachache walijikuta wamesongamana, wakila chakula kigeni. Maradhi yaliwaingia, baadhi yao wakafa, na baada ya muda si mrefu wengi wakarudi porini. Tusiwalaumu kwa kurudi. Walikimbia kifo, kama ambavyo yeyote kati yetu angekikimbia.

Ipo pia historia ya kututia moyo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya haki miliki ya kimila kwa ajili ya hekta zipatazo 20,000, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Afisa ardhi aliyeshughulikia jalada hilo pengine hakujijua kuwa bwana afya. Lakini kwa kulinda mibuyu, nyuki na mizizi, alifanya kazi ya kinga ambayo chupa elfu za dawa zisingeweza kuifanya. Wakulima wa vitunguu wa Mangola na wafugaji wanaotafuta malisho nao ni wananchi wenye watoto wa kulisha, na haki yao haina budi kutafutiwa mahali. Mahali hapo pasiwe juu ya kisima cha Mhadzabe. Hati bila usimamizi ni karatasi tu, na msimamizi ni mtendaji wa kijiji, diwani na mkuu wa wilaya.

Baada ya ardhi ni maji na kinga. Zahanati inayomsubiri Mhadzabe aje itamsubiri hadi milango yake ianguke. Huduma za mkoba hazina budi kuzifuata kambi, zikiongozwa na vijana wa Kihadzabe wanaojua njia na lugha, waliofundishwa kuwa wahudumu wa afya na kulipwa kama wahudumu. Chanjo ya virusi vya rota, vinavyosababisha kuharisha kukali kwa watoto wachanga, inatolewa nchini tangu mwaka 2013. Mtoto aliyezaliwa chini ya mbuyu ana haki nayo sawa na mtoto aliyezaliwa hospitali ya mkoa. Vyanzo vya maji vizungushiwe uzio, na mifugo ichimbiwe birika lake mbali na mahali watu wanapoteka.

Mtoto akiharisha, kinachomuua hasa ni kukaukiwa maji. Pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji ziwepo katika kila kambi, pamoja na vidonge vya zinki. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vitampatia mgonjwa nafasi ya kufika kwa mganga. Mama aendelee kumnyonyesha, na kwa miezi sita ya mwanzo mtoto asipewe kitu kingine chochote ila maziwa ya mama. Wauguzi nao wajizuie kumpa kila anayeharisha antibiotiki. Dawa hizo zina mahali pake, hasa pale choo kinapokuwa na damu au mganga anapoona dalili za hatari. Zikitolewa ovyo, huwaua wale vibarua waaminifu pamoja na adui, na huwazoeza maadui kutoiogopa dawa.

Sasa nina neno na walimu. Mtoto wa Kihadzabe anayeletwa shule ya bweni huacha nyumbani vyakula vya aina nyingi, akaja kuonjeshwa uji asubuhi, ugali na maharage mchana, ugali na maharage jioni. Maharage ni chakula chema, nasi sote tumesomea juu ya maharage. Lakini kuna ubaya gani ubuyu ukawekwa katika uji wa shule, na wazee wakanunuliwa asali na matunda yao? Ni kichekesho kwamba maji ya ubuyu ni kinywaji cha fahari katika semina zetu za mijini, ilhali mtoto anayetafuna ubuyu darasani hukaripiwa kwa kula chakula cha porini. Mwalimu anayemcheka mtoto kwa chakula cha mama yake anamfundisha kumwonea haya mama yake. Atakapokua atanunua soda na biskuti kwa fedha yake ya kwanza, naye ataamini kwamba amestaarabika.

Yapo pia ya kuwaambia watoao vibali vya utafiti. Sampuli za Wahadzabe zimevuka bahari na zimewajengea watu majina. Si vibaya, elimu ni ya wanadamu wote. Lakini afisa anayetia sahihi kibali na aulize maswali matatu: Je, watu hawa wameelezwa kwa lugha yao kinachochukuliwa? Matokeo yatarudishwa kwao lini na kwa njia gani? Na ikiwa elimu hiyo itazaa dawa ya kuuzwa, fungu lao ni lipi? Asiyejibu hayo asubiri.

Najua litakalosemwa na ndugu zetu wa mipango: watu elfu moja na ushei ni wachache mno, na bajeti ni finyu. Nawakumbusha mwaka 1973. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kujadili malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Kisha wakaondoka wakaenda kuchimba vyoo. Nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo. Taifa lililoweza kuwafikia watu milioni mbili kwa redio za mkulima haliwezi kushindwa na kambi chache za Ziwa Eyasi. Lakini safari hii tukae na kusikiliza pia, kwa kuwa juu ya chakula cha kulinda tumbo, wao ndio walimu na sisi ndio wanafunzi wa madarasa ya chini.

Tulipopata uhuru tulitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Tulidhani ujinga uko porini na elimu iko ofisini. Huko Yaeda mambo yamechanganyika. Mama anayechimba mizizi anajua asilojua bwana lishe, na bwana lishe anajua chanjo ambayo mama yule haijui. Afisa ajaye wilayani Mbulu au Karatu, kabla hajafungua jalada la Wahadzabe, na aende kwanza kwenye kisima wanakoteka. Ayatazame maji yale, kisha ajiulize kama angempa mwanawe.